Keria ya Makongeni, rimu ya Ludhiana

Ukitoka Makongeni mjini Thika na kushika barabara ya Garissa kuelekea Gatuanyaga, karibu kila chuma utakachokipita kimeundwa na mtu unayeweza kwenda kumgombeza. Mageti yenye simba wa kuchomelewa. Madirisha ya nyumba za kupangisha. Madawati ya shule yaliyopangwa nje ya karakana yakingoja rangi. Vizimba vya kuku, majiko, mikokoteni iliyotiwa ekseli ya gari lililokwisha kufa. Geti likikataa kufunga, unarudi kwa fundi wake, mnazozana kidogo, analigonga nyundo mara tatu na yanaisha.

Kisha anapita mtu kwa baiskeli, mitungi ya maji imefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu kuukuu. Hicho ndicho chuma cha pekee barabarani kisicho na mwenyewe. Fremu imetoka India au China. Ikikatika pale chini inapozungukia ekseli ya pedali, hakuna wa kuzozana naye. Fundi wa kando ya barabara ataiziba kwa moto, atakwambia uiendee polepole, na hiyo ndiyo dhamana yote utakayopata.

Hili hunikera kwa sababu Thika si mji wa kushindwa na chuma. Metal Box ilifyatua mikebe hapa. Kenya Vehicle Manufacturers imeunganisha malori na mabasi tangu miaka ya 1970, enzi za jina la Leyland, na Desemba 2016 Volkswagen iliporudi nchini na Polo Vivo yake ilipitia lango hilohilo. Ukirudi nyuma kidogo kuelekea Nairobi, Ruiru kuna kiwanda cha chuma cha Devki. Mji huu unaweza kuunganisha basi zima la abiria, ila baiskeli ya kubebea maji ya Gatuanyaga unaiagiza kutoka ng'ambo ya bahari.

Gatuanyaga yenyewe ni mahali pa baiskeli. Ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Thika Mjini, upande wa mashariki, ambako vilima vya kahawa na chai vimekwisha na ardhi inalala kuelekea Mto Athi na maporomoko ya Fourteen Falls. Jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Kutoka nyumbani hadi stendi ni mbali kwa miguu, na nauli ya pikipiki kila siku inauma. Kama kuna mahali ambapo mtu angeweza kuunda baiskeli na kumuuzia jirani yake, ni hapa. Basi kwa nini hauundwi hata mzigo mmoja wa kujaza pikapu?

Jibu la haraka ni kwamba hatuna ufundi. Silikubali. La pili ni kwamba hatuna mtaji, na hilo lina ukweli nusu. Nikilitazama jambo hili kwa muda, naona anachokosa muundaji mdogo wa baiskeli ni majirani. Nieleze.

Tumweke fundi mmoja Gatuanyaga. Hayupo, nimemtunga ili tupate mtu wa kumpigia hesabu. Ana mashine ya kuchomelea, jiliwa, msumeno wa chuma, tupa, na kijana mmoja wa kumshikia. Ananunua mabomba mjini na kuunda baiskeli moja. Baiskeli hiyo, naapa, itakuwa nzuri. Mafundi wetu wa jua kali wakipewa kitu kimoja na muda wa kutosha, hutoa kitu kizuri. Watu watakuja kuitazama, atapigwa picha, na mtoto wa jirani ataomba kuipanda.

Shida inaanza kwenye ya kumi. Geti likipishana na fremu yake kwa milimita tatu, hakuna atakayejua. Baiskeli ikipishana milimita tatu pale gurudumu la nyuma linapokaa, rimu inasugua breki, mnyororo unavuta upande na meno ya gia yanaisha kabla ya mwaka. Kwa hiyo fremu haipimwi kwa jicho. Inafungwa kwenye kiunzi cha chuma kinachoshika kila bomba mahali pake mpaka moto upoe, maana chuma kikipoa hujikunja. Kutengeneza kiunzi hicho ni kazi ngumu kuliko baiskeli yenyewe, na gharama yake hairudi kwa baiskeli kumi wala hamsini. Halafu kuna mabomba. Yale yaliyojaa madukani yamekusudiwa viti, madawati na madirisha: mazito mahali pasipohitajika, na kipenyo chake hakilingani na vikombe vya usukani wala nguzo ya tandiko. Fundi wetu atayatanua au kuyabana, akipoteza nusu siku kwa jambo ambalo kwingine duniani linanunuliwa tayari.

Na hapo tumezungumzia fremu tu.

Ifungue baiskeli ya kawaida uimwage juu ya gunia. Kuna spoku, zile Raleigh nyeusi za Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, kila moja na nati yake ndogo. Kuna gololi katika ekseli, usukani na pedali, zaidi ya mia ukizihesabu zote. Mnyororo peke yake una vipande zaidi ya 500: vibati vya nje, vibati vya ndani, pini, vibomba, roli. Kuna breki, tandiko, madigadi, kengele, tairi, tyubu na vali. Katika rundo hilo, fundi wetu ameunda kipande kimoja kikubwa na uma wa mbele. Vingine vyote ni vya kununua, na Thika nzima hakuna anayeviunda.

Sasa tazama Ludhiana, mji wa Punjab kaskazini mwa India. Ndugu wanne wa ukoo wa Munjal walihamia huko baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Biashara yao ilikuwa kuuza spea za baiskeli. Mwaka 1956 ndipo walipofungua Hero Cycles, na katika mwaka wa kwanza walitoa baiskeli mia sita na ushei tu, idadi ambayo hata karakana kubwa ya Makongeni isingeiona ya kutisha. Ilipofika 1986, Hero ilitambuliwa kuwa kampuni inayounda baiskeli nyingi kuliko zote duniani. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama hadithi ya bidii. Bidii ilikuwepo. Lakini kilichoibeba Hero ni kwamba Ludhiana ilijaa vikarakana, huyu akifyatua pedali, yule akikunja madigadi, wa tatu akichonga nati za spoku na hajui kitu kingine maishani mwake. Aliyehitaji pedali 500 alituma mkokoteni. Zikiwa mbovu, alizirudisha kwa mkokoteni uleule.

Wala ndugu hao hawakuanza na baiskeli nzima. Walianza na biashara ya vipande, wakaingia katika kuunda baadhi ya vipande hivyo wenyewe, na baiskeli ikaja baadaye. Nitalirudia hili.

Baiskeli, basi, huundwa na mji. Coventry na Birmingham za Uingereza zililijua hilo zamani, na Tianjin ya China ikalijua baadaye. Fundi wa Gatuanyaga anayetaka kukua analazimika kuwa mji peke yake, au kununua mji wa watu wengine na kuuleta kwa meli.

Tuseme amechagua meli. Muuzaji wa jumla wa Ludhiana hataki habari za pedali 40. Anataka kujaza kontena. Kontena la vipande vya baiskeli mia kadhaa tulikadirie dola 20,000, kwa ajili ya hesabu tu. Analipa sehemu mapema ili kazi ianze. Anasubiri vipande viundwe. Anamalizia malipo, meli inang'oa nanga, inafika Mombasa baada ya wiki kadhaa, na kabla hajagusa hata nati moja anatakiwa kulipa ushuru na kodi zote bandarini. Halafu kuna wakala wa kutoa mzigo, lori, na siku za kungoja zenye malipo yake. Mzigo unafika Gatuanyaga. Anaunganisha. Anawapelekea wenye maduka, ambao wengi hupokea kwanza na kulipa wakishauza. Kuanzia shilingi ya kwanza kutoka mfukoni hadi shilingi ya kwanza kurudi, miezi mitano inaweza kuisha akiwa bado analipa kodi ya nyumba, stima na kijana wake.

Na shilingi yenyewe haikai mahali pamoja. Januari 2024 dola moja ilifikia karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130 na kutulia hapo. Nchi ilishangilia, na ilikuwa na sababu. Lakini mfikirie aliyelipia kontena lake mwezi ule wa Januari: dola zake 20,000 zilimgharimu shilingi milioni 3.2. Mshindani aliyelipa katikati ya mwaka alitoa milioni 2.6. Mizigo yao ilikutana katika duka moja, na wa kwanza akawa amebeba hasara ya shilingi 600,000 ambayo haikutokana na kosa lolote la mikono yake. Mwagizaji mkubwa hupigwa na wimbi hilo akapepesuka. Mdogo hufunga mlango, na majirani wakasema alikuwa mvivu.

Atakopa wapi mtaji wa kumvusha? Mwaka 2016 Bunge liliweka kikomo cha riba za benki, na mafundi wengi walidhani neema imefika. Benki zikatazama wakopaji wadogo, zikatazama hati za serikali, zikachagua serikali. Kikomo kikaondolewa Novemba 2019. Kilichobaki kwa mtu wa karakana ni chama, Sacco, na yule mkopeshaji wa mtaani anayeshika simu yako kama dhamana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejipanga kungoja meli.

Nifike kwenye kodi, ingawa najua zinachosha. Utaratibu wa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, ulipangwa kwa ngazi: malighafi sifuri, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa kamili asilimia 25. Mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35. Nia ni njema, anayeunda hapa apate nafuu kuliko anayeleta kilichokwisha kuundwa. Ila rimu ni nini? Kwa anayekunja rimu ni bidhaa kamili. Kwa anayeunda baiskeli ni malighafi. Upo mlango wa kuomba msamaha wa ushuru kwa viwanda vinavyotumia vitu kama hivyo, na anayekubaliwa jina lake huchapishwa katika gazeti rasmi la Jumuiya, pamoja na bidhaa, kiasi na muda. Mtu mwenye karani wa kodi hupita mlango huo kila mwaka. Mtu mwenye jiliwa hajui hata uko upande gani wa nyumba.

Kuna hesabu nyingine ninayoiona ya ajabu. Sheria inamtaka mfanyabiashara ajiandikishe kulipa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ikiwa baiskeli inauzwa shilingi 15,000, basi ya 334 ndiyo inayomvusha. Ni chini ya moja kwa siku. Hata kabla ya hapo yuko kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3 ya kila anachouza, awe amepata faida au hakupata. Kwa baiskeli ya 15,000 hiyo ni shilingi 450, na kama faida yake halisi ni 1,000, karibu nusu imekwenda. Akishavuka, anaongeza asilimia 16 kwenye bei. Ni kweli anadai ile VAT aliyotozwa bandarini, kwa hiyo mzigo si wote mpya, lakini mteja wa Gatuanyaga hasomi mfumo wa kudai VAT, anasoma bei. Sitashangaa nikikuta karakana inayouza baiskeli 330 mwaka huu, 330 mwaka ujao, na 330 mwaka wa tatu, kisha tuandike ripoti tukiuliza mbona viwanda vyetu vidogo havikui.

Ushindani nao haumngoji amalize makaratasi. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na kila msomaji anajua kilichofuata: stendi hazikuwa stendi tena. Nani anakumbuka kwamba bodaboda ilikuwa baiskeli? Ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana wakibeba abiria kwenye keria kutoka forodha moja hadi nyingine, wakiita boda, boda. Jina likabaki, pedali zikaondoka. Siku hizi huruma ya sheria imehamia kwenye umeme. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipa baiskeli ya umeme VAT ya kiwango cha sifuri. Ile ya kukanyaga haikupata nafasi katika fungu hilo. Yaani baiskeli iliyowekewa betri kutoka ng'ambo ilipendelewa kuliko ile inayoendeshwa na ugali.

Chini ya pikipiki kuna mitumba. Baiskeli zilizotumika zinakuja kwa makontena kutoka Uingereza na kwingineko, zenye gia na fremu nyepesi za alumini, na bei ya baadhi yake inakaribia ile ya mpya isiyo na gia. Sizitukani; nimepanda moja kwa miaka mingi. Kwa mtu wa ofisini anayekwenda Juja na kurudi, ni kitu kizuri. Kwa mitungi ya maji ni upuuzi. Fremu nyepesi haikuwekewa mahali pa keria, na gia zake zikiingia vumbi la Gatuanyaga zinahitaji fundi mwenye vifaa ambavyo fundi wa chini ya mti hana. Ile nyeusi nzito tuliyoiita Black Mamba haikupendwa kwa urembo. Ilipendwa kwa sababu breki zake za fimbo na keria yake ya nondo zilielewana na kila mwenye nyundo.

Wapo wanaodhani serikali ikiingia mambo hunyooka. Tanzania ilijaribu. Katika miaka ya ujamaa ilianzisha kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO, jijini Dar es Salaam, na baiskeli yake ikaitwa Swala. Waliozaliwa kabla ya miaka ya 1980 huko bado wanaikumbuka. Ilikuwa na soko lililolindwa, kiwanda cha kweli na nchi nzima ya wakulima iliyotaka baiskeli. Ilichokosa ni kilekile. Vipande vyake vingi vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilipokauka katika miaka ya 1980, kiwanda kikabaki na wafanyakazi na ukuta. Biashara ilipofunguliwa, Phoenix za Kichina na baiskeli za Kihindi zikamwagika, na Swala, pamoja na jina lake, akashindwa mbio.

Ukubwa peke yake si kinga. Atlas ya India, iliyoanza mwaka 1951 na kuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia, ilisimamisha kazi katika kiwanda chake cha mwisho tarehe 3 Juni 2020. Hiyo ndiyo siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Hapa kwetu, Mobius, gari lililobuniwa kwa ajili ya barabara zetu mbovu na kuunganishwa hapa Thika katika siku zake za mwanzo, ilitangaza Agosti 2024 kwamba inafungwa kwa mzigo wa madeni na kodi, kisha akajitokeza mnunuzi. Nayo haikuwa karakana ya uani.

Ila kuna wanaoendelea, na kila mmoja amekata kona yake.

Kisumu kuna kiwanda cha kuunganisha baiskeli za Buffalo, mali ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Buffalo ni jibu la Black Mamba: nzito, kilo 20 na ushei, keria ya kubeba kilo 100, breki iliyofichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Mwaka 2023 wakatoa toleo lenye minyororo miwili ambalo unabadilisha mwendo kwa kukanyaga kinyumenyume, bila ule mkia wa gia unaoning'inia na kukamata matope. Nimeitazama kwa wivu. Shirika hilo limetoa na kuuza zaidi ya baiskeli laki saba duniani. Lakini limekua kwa sababu nyuma yake wapo waanzilishi wa SRAM, kampuni kubwa ya Marekani ya vipande vya baiskeli, na mbele yake wapo wafadhili wanaoagiza maelfu kwa mkupuo kwa ajili ya wasichana wa shule na wahudumu wa afya. Wana mji nyuma yao na wateja wa jumla mbele yao. Fundi wetu wa kubuni ana kijana wa kumshikia bomba.

Kampala, Kasoma Noordin anaunda fremu za mianzi chini ya jina la Boogaali. Gaali ni baiskeli kwa Kiganda. Fremu ndiyo kipande ambacho India haiwezi kumuuzia kwa bei ya kutupa, na mwanzi ukikaushwa vizuri hauhitaji dola. Wateja wake wengi ni watu wa nje wanaolipa kwa ajili ya kazi ya mikono. Ni biashara halali na nzuri, lakini haitambebea mtu maji Gatuanyaga, na sidhani iliwahi kudai hivyo.

Kona inayonivutia zaidi iko karibu na nyumbani. Thika ina shule ya Joytown ya Jeshi la Wokovu, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, tangu miaka ya 1960. Pita mjini siku ya soko utaona baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kwa miaka mingi kimekuwa kikiunda viti vya magurudumu na baiskeli za namna hiyo katika karakana zake Nairobi na Bombolulu, Mombasa, kwa mikono ya watu ambao wengi wao wana ulemavu. Bidhaa hiyo haipatikani kwa kontena la mia tano, kwa sababu kila mwili una kipimo chake: mmoja anataka nyenzo upande wa kushoto, mwingine anataka kiti kiinuke, wa tatu ni mwenye duka na anataka sanduku nyuma. Kila baiskeli ikiwa tofauti, udogo wa karakana si kasoro tena.

Tatizo la kona hiyo ni mnunuzi. Wanaozihitaji mara nyingi hawana fedha, na wenye fedha za kuwanunulia ni hospitali, makanisa na kaunti. Kaunti zetu kufikia katikati ya 2024 zilikuwa na madeni kwa wasambazaji yaliyopita shilingi bilioni 150. Fundi akishinda tenda ya baiskeli 30 za walemavu atashangilia Ijumaa, na kufikia Pasaka ya mwaka unaofuata huenda bado anapiga simu. Kuna watu wamefilisika kwa kupata kazi.

Hata asipofilisika, kukua kunambadilisha. Akiwa na vijana wawili, yeye mwenyewe ndiye mkaguzi. Anaona kila kiungo kabla hakijapakwa rangi. Wakifika kumi na wawili, yuko ofisini. Kuna alama ya ubora ya KEBS, leseni ya kaunti, cheti cha zimamoto, risiti za eTIMS, makato ya NSSF na ya bima ya afya, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 anayopaswa kulipa sawa na ile ya mfanyakazi, na shilingi 50 kwa kila kichwa kwa ajili ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Hakuna hata moja katika hayo lililo kubwa peke yake. Pamoja yanamtoa fundi bora wa karakana kwenye kiunzi na kumweka kwenye kompyuta, na siku hiyo ndiyo milimita tatu zinaporudi. Kampuni zilizoko Tatu City, kule Ruiru, zinaweza kupata kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya mwanzo kwa kuwa ziko katika ukanda maalumu wa kiuchumi. Gatuanyaga si mbali sana na pale kwa baiskeli, ila kwa sheria za viwanda ni nchi nyingine.

Ningekuwa yule fundi, nisingeunda baiskeli. Ningefanya walichofanya akina Munjal. Ningeanza na kipande kimoja ambacho soko la hapa linalilia na ambacho mwenye kontena hakijui vizuri, nikiunde mpaka kiwe sawasawa mara elfu, na niwauzie wote, hata wale wanaoleta baiskeli za Kihindi. Mwenzangu Makongeni achukue stendi ya kusimamishia baiskeli. Mwingine Kiganjo achukue madigadi. Watengenezaji wa ngozi hawajawahi kukosekana Thika, basi mmoja wao ajaribu tandiko. Ikifika siku watu wanne au watano wanapelekeana vipande kwa mkokoteni, hapo tuzungumze fremu.

Kipande cha kuanzia tayari kinaundwa, ila hakuna anayekiita kiwanda. Baiskeli yangu ya sasa nilipoinunua ilikuja na keria ya vijiwaya, ya kubebea labda daftari. Niliweka mtungi mmoja wa lita 20 na ikalala upande kabla sijamaliza kona. Nikaipeleka kwa fundi chini ya mti, Makongeni. Aliitazama, akacheka, akaing'oa na kuirusha kwenye rundo la wenzake. Lilikuwa rundo kubwa kiasi. Akapima kwa viganja, akakata nondo, akakunja kwenye kipande cha bomba, akachomelea miguu miwili na kupaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye mkebe wa geti la mtu. Nilikunywa chai moja, akawa amemaliza.

Huu ni mwaka wa nne. Rimu ya nyuma nimebadilisha mara mbili, mnyororo mara moja, na ekseli ya pedali imekwisha kuchomelewa. Keria haijawahi kuguswa.